Drifti huanzia kwenye alaimenti, si kwenye mguu wa mafuta

Wakazi wa Mkomani wanaijua sauti ile. Usiku wa Jumamosi barabara imetulia, wauza viazi karai wameshafunga, halafu ghafla tairi zinalia kwenye kona na harufu ya mpira ulioungua inaingia madirishani. Asubuhi yake kuna mizunguko myeusi kwenye lami, na mabishano barazani. Wazee wanataka polisi waje. Vijana wanajibu kwamba hakuna aliyeumia. Majibu hayo yanafaa mpaka siku mtu atakapoumia.

Sisi hatuko upande wa wanaotaka kila kijana mwenye Altezza akamatwe. Wala hatuko upande wa wale wanaorusha video mtandaoni na kujiita madereva kwa sababu wamevuta hendibreki mara mbili. Tunasema kitu ambacho pande zote mbili hazitaki kukisikia: drifti ni kazi ya ufundi, ufundi wenyewe unaanzia chini ya gari, na wengi wanaoteleza huku kwetu hawajui magurudumu yao manne yanatazama wapi.

Mchezo huu ulizaliwa Japani. Miaka ya 1970 dereva wa mbio Kunimitsu Takahashi alikuwa akiingia kona huku gari limelala ubavu na tairi zinafuka moshi. Kijana mmoja aliyevutiwa naye, Keiichi Tsuchiya, akaupeleka mtindo ule kwenye barabara za milimani akiwa na Toyota AE86, kigari kidogo tu kisicho na nguvu za kutisha. Mwaka 2001 Wajapani walikuwa tayari na mashindano rasmi ya D1 Grand Prix, na mwaka 2017 FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, likaandaa kombe lake la kwanza la drifti jijini Tokyo. Kwa hivyo mzee akikwambia huu ni uhuni mtupu, mwambie kuna majaji, alama na vipimo. Lakini na wewe ujue vipimo hivyo.

Twende kwenye gari lenyewe. Drifti inataka gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Vitz, Demio na Fit hazimo, hata ukizibandika stika mpaka kwenye tangi. Mtaani kwetu zilizopo ni Altezza, Mark II na Mark X, na mwenye bahati ana Toyota 86 au Mazda Roadster, ile ambayo nje ya Japani inaitwa MX-5. Sheria ya kutoingiza nchini magari yaliyozidi miaka minane inamaanisha Altezza, ambayo Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 2005, haishuki tena Kilindini. Zilizobaki ndizo hizo hizo, zimezeeka, na bushi zake zimekula chumvi ya bahari kwa miaka. Roadster na 86 za karibuni bado zinaweza kuingia, ukiwa na doo ya gari na ya ushuru.

Sasa, ukubwa wa gari una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma Mark X ina milimita 2,850, Altezza 2,670, Toyota 86 ina 2,570, na Roadster ya sasa 2,310 tu. Kadiri masafa hayo yanavyopungua ndivyo gari linavyozunguka upesi. Mark X inakupa nafasi ya kufikiri. Roadster, ambayo uzito wake ni kama tani moja, ikianza kugeuka inageuka kama pia, na ukichelewa kidogo kurudisha usukani unajikuta unatazama ulikotoka. Ndiyo maana gari dogo la michezo, pamoja na utamu wake wote, ndilo linalotaka alaimenti ya uangalifu zaidi.

Kwa watu wengi alaimenti ni kitu cha kupiga baada ya kuingia shimo. Usukani unavuta kushoto, unapeleka gari gereji, linapandishwa kwenye mashine, fundi anazungusha mpaka skrini inakuwa ya kijani, unalipa, unaondoka. Kijani hicho ni cha gari la kwenda Mtwapa na kurudi. Kimewekwa na kiwanda ili tairi ziishe polepole, gari lishike mstari, na dereva asiye makini asipotee kwenye kona. Mtu wa drifti anataka karibu kinyume cha hayo, ila anayataka kwa hesabu.

Kuna pembe tatu za kujua. Ya kwanza mafundi huiita kemba. Simama mbele ya gari, tazama gurudumu: likisimama wima kama nguzo, kemba ni sifuri. Kichwa cha gurudumu kikiinamia ndani kuelekea injini, hiyo ni kemba hasi. Ya pili ni kasta, nayo huioni kwa macho kirahisi. Ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia juu yake. Ukitaka kuielewa tazama uma wa mbele wa baiskeli, ulivyolala kurudi nyuma, na jinsi baiskeli inavyoweza kwenda yenyewe ukiachia mikono. Ya tatu ni tou. Hii ni kama miguu ya mtu: kuna anayetembea vidole vikitazamana, na kuna anayetembea kama bata, vidole nje.

Gari likiwa katikati ya drifti, tuseme kwenye kona ya kulia, pua yake inatazama ndani ya kona lakini magurudumu ya mbele yamegeuzwa kushoto. Uzito wote wa mbele umeangukia gurudumu la kushoto, lile linalotangulia. Hapo mwili wa gari unalala upande huo na kulivuta gurudumu lisimame kwa ukingo wake wa nje, na kasta nayo, kwa sababu usukani umegeuzwa sana, inaongeza kulisukuma upande huo huo. Bila kemba hasi tairi inabaki imekanyaga lami kwa kipande chembamba. Matokeo yake unageuza usukani na gari halisikii. Ukiwa na kemba hasi ya kutosha tangu mwanzo, pembe hizo zinafutana na tairi inakaa bapa pale pale unapoihitaji.

Kwa gari dogo kama Roadster, mahali pazuri pa kuanzia mbele ni kemba hasi ya digrii 3 hadi 3 na nusu, kasta ya digrii 6 hadi 7, na tou ya nje kidogo, milimita 1 hadi 2 kila upande. Kasta ndiyo inayokurudishia usukani. Dereva mzuri wa drifti haushindilii usukani, anauachia uzunguke wenyewe mikononi kisha anaudaka. Ukiona mtu anapigana na usukani wake kama anayekamua nazi, muulize kasta yake. Tou ya nje huifanya pua iingie kwa wepesi.

Nyuma ni hadithi nyingine, na hapa ndipo wengi huharibu. Wanaona magari ya maonyesho yamelala chini, magurudumu ya nyuma yameinama kama miguu ya bata mgonjwa, wanadhani ndiyo drifti. Siyo. Ule ni mtindo wa kupigia picha, na haina noma kwa anayeupenda, lakini magurudumu ya nyuma ya drifti yana kazi ya kusukuma gari mbele huku yakiteleza. Yanataka kukanyaga kwa upana wote. Ukikanyaga mafuta, gari linachuchumaa nyuma, na katika Roadster na 86 kuchuchumaa huko kwenyewe huongeza kemba hasi. Kwa hiyo likiwa limesimama acha nyuma iwe kati ya sifuri na hasi 1, na tou iwe ya ndani kidogo, milimita 1 kila upande. Tou ya nje nyuma usiiguse. Itakupa gari linalotaka kukutupa hata ukiwa unaenda kununua mkate.

Namba hizi ni za kuanzia tu. Toyota 86 haikuja na nafasi ya kurekebisha kemba ya mbele, inataka bolti maalumu au sahani za juu ya shokomzoba. Roadster imebarikiwa: ina bolti za kurekebishia kwenye pembe zote nne, mbele na nyuma. Tatizo la hapa Pwani ni kutu. Upepo wa bahari unazishika bolti hizo mpaka zinakuwa kitu kimoja na bushi, na fundi mwenye haraka akizilazimisha anazikata. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu siku mbili tatu kabla, na uwe na akiba ya bolti mpya. Pengine hilo ndilo dokezo la bei rahisi kuliko yote katika makala haya.

Je, lazima mashine ya kompyuta? Hapana, na hili tunalisema kwa furaha kwa sababu mafundi wetu wa juakali wamedharauliwa vya kutosha. Timu za mbio duniani bado hupima kwa uzi. Unachohitaji tayari anacho mwashi yeyote wa Kongowea: uzi, timazi, pima maji na rula ya chuma. Tafuta sakafu iliyo bapa kweli. Jaza tairi upepo unaoutumia, weka kitini mtu mwenye uzito wako, nyoosha usukani na uufunge usisogee. Likandamize gari kila kona liruke mara mbili tatu ili springi zitulie. Vuta nyuzi mbili pembeni mwa gari, kila upande mmoja, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, zikiwa sambamba na mstari wa katikati wa gari. Hapo ndipo watu hukosea, maana upana wa magurudumu ya mbele na ya nyuma mara nyingi haulingani, kwa hiyo pima kutoka vitovu vyote vinne, si kutoka bodi.

Kisha pima toka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na toka uzi hadi ukingo wake wa nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo tou. Kwa kemba, ning'iniza timazi mbele ya rimu, upime juu na chini. Kwenye rimu ya inchi 17, digrii moja ni kama milimita 7 na nusu, kwa hiyo digrii 3 ni milimita 22 hivi. Anza na kemba na kasta, malizia na tou, kwa sababu hizo mbili za kwanza zikiguswa tou nayo husogea. Anayeanza na tou atafanya kazi mara mbili.

Na kabla ya yote hayo, shika gurudumu kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza, bolijointi au tairodi imekwisha, na hakuna alaimenti duniani itakayokaa. Ni kama kupaka rangi ukuta unaodondoka. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba iliyokomaa juani inaweza kuonekana ina nyuzi nzuri na bado ikapasuka ikipata moto.

Tunazungumza milimita hizi kwa sababu ndani yake kuna maisha ya watu. Gari lenye alaimenti ya drifti si gari la kawaida lililochangamka. Mbele linakanyaga kwa ukingo wa ndani likienda moja kwa moja, kwa hiyo breki zake kwenye mvua ya masika haziwezi kuwa zile zile. Tou ya nje inalifanya litafute kila mfereji wa lami. Ongeza difu iliyochomelewa, ambayo ndiyo njia ya mkato ya wasio na fedha za difu ya kufunga, na una gari ambalo kwenye kona ya taratibu yenye maji linataka kwenda mbele badala ya kugeuka. Halafu springi zimekatwa kwa msumeno. Halafu ndani kuna wanafunzi wanne waliopewa lifti.

Na barabara zenyewe tunazijua. Mkomani si uwanja wa Ebisu. Kuna tuktuk zinazotokea vichochoroni bila taa, bodaboda zimebeba watu wawili, watoto wa madrasa, mama anayefagia mbele ya duka alfajiri. Kwenye drifti dereva anatazama njia kupitia dirisha la pembeni, na tairi zake zimeshaachana na lami kwa hiari yake. Akitokewa na mtu hana breki za kumwokoa huyo mtu, hata angekuwa Tsuchiya mwenyewe. Sheria ya Trafiki inakataza mashindano barabarani bila kibali na inaadhibu uendeshaji wa hatari. Mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa. Hatuoni sababu ya kuitetea drifti ya barabarani, na hatutaitetea, hata kama anayeifanya ni rafiki yetu na anaifanya vizuri.

Lakini serikali ya kaunti nayo isijifiche nyuma ya polisi. Ukimfukuza kijana Mkomani atakwenda Bamburi, ukimfukuza Bamburi atakwenda barabara mpya yoyote itakayofunguliwa. Wenzetu walilipita hili. Afrika Kusini kulikuwa na mchezo wa kuzungusha BMW kuukuu kwenye mitaa ya Soweto, ulianzia kwenye mazishi ya majambazi miaka ya 1980, na kila mtu aliuona wa wahalifu. Mwaka 2014 shirikisho la mbio la nchi hiyo likautambua rasmi. Leo una viwanja, una watazamaji wanaolipa kiingilio, na wasichana ni miongoni mwa nyota wake. Muscat, ambako wengi wetu Pwani tuna mjomba au shangazi, kijana wa drifti ana uwanja wa chama cha magari cha Oman. Mashindano ya Red Bull ya drifti kwenye maegesho, yaliyoanza Lebanon mwaka 2008, yalienea Ghuba yote kwa kutumia kitu ambacho hata Mombasa tunacho, yaani eneo bapa lililowekwa lami.

Hatuombi uwanja wa mabilioni. Tunaomba Kaunti ya Mombasa ikae na Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya na vijana wenyewe, watafute eneo moja la lami linalolala tupu Jumapili, mbali na nyumba. Mombasa imezungukwa na yadi za makontena na maegesho makubwa. Eneo lipo, kinachokosekana ni mtu wa kutia sahihi. Kuwe na uzio wa matairi, ambulansi, mitungi ya kuzimia moto, helmeti, na ukaguzi wa gari kabla ya kuingia. Gari lenye bolijointi inayocheza lirudi nyumbani. Dereva akibishana, arudi nalo.

Ukaguzi huo una faida nyingine ambayo haisemwi. Unazaa kazi. Fundi anayeweza kulipangia Roadster pembe zake kwa ajili ya drifti anaweza kulipangia basi la Malindi lisile tairi, na wenye mabasi wanajua tairi zinagharimu nini. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, ng'ambo tu ya maji. NITA inatoa mitihani ya ufundi wa magari kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, hata kwa aliyejifunzia gereji bila kukanyaga chuo. Kijana anayeshinda You Tube akisoma habari za kasta hajapungukiwa akili wala hamu, amepungukiwa cheti cha kumwonyesha mwajiri. Makarani wa kaunti wanaogawa basari wangefikiria hilo pia.

Kwa sasa, kwa wewe ambaye gari ni lile lile moja, la kazini Jumatatu na la kuteleza siku ukipata mahali halali: tia alama ya rangi kwenye kila bolti ya kurekebishia, nyeupe kwa mpangilio wa barabarani, nyekundu kwa wa drifti. Kwa ajili ya tairodi, hesabu mizunguko uliyoifungua na uiandike kwenye karatasi ndani ya dashibodi. Kabla ya kutoka uwanjani rudisha kila kitu kwenye nyeupe, pima tou kwa uzi, kaza nati, kisha ndipo uwapakie wenzako mrudi nyumbani.